Edwige wa Shule ya Udereva na Mageuzi ya Rais Mpya

Jumapili ya uchaguzi wa rais, mwezi wa Mei, sura ya mshindi ilitokea kwenye televisheni saa mbili usiku, na jua la kwetu lilikuwa bado halijazama. Edwige Tourneux alipanda juu ya kochi na viatu vyake akaanza kuruka. Mimi nilikuwepo. Kochi halikufika mwisho wa hotuba.

"Ameshinda! Maïté, ameshinda, shoga yangu!"

Maïté ndiye mimi. Tulikuwa tumefundisha udereva pamoja kwa miaka mingi hapa Varzelles, mji mdogo wa Ufaransa, yeye akiwa mwenye shule na mimi mwalimu wa pili. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ilizoea kushindana na injini. Nusu ya mji ilipata leseni mikononi mwake. Ukiingia kwenye kipilefti bila kuangalia, hakukutukana. Alikuambia tu, "Mpenzi, na hao wengine wana mama zao nyumbani." Ulikumbuka maisha yako yote.

Pembeni, kwenye kiti chake cha kila Jumapili, alikuwa amekaa baba yake, mzee Achille, anakunywa supu. Alikuwa fundi wa karakana ya reli tangu ujana wake hadi alipostaafu, na miaka mingi kati ya hiyo aliongoza tawi la chama cha wafanyakazi. Hakuinua hata kichwa.

"Kaa chini kabla hujavunja na meza," alisema. "Huyo kijana wako hatabadilisha kitu. Mimi nimeona marais wangapi? Kila mmoja anaingia na mageuzi yake mkononi. Sisi tunashuka barabarani, treni zinasimama, naye anarudi kinyumenyume mpaka gereji."

"Safari hii ni tofauti, baba."

"Tofauti nini? Chama chake hakina hata mwaka wa pili. Bungeni hana mtu. Hizo sheria atazipitisha na nani? Na mbwa wake?"

Edwige alishuka kwenye kochi. Alikuwa anafikiri, na akianza kufikiri hivyo mimi humwogopa kidogo.

Mzee alikuwa amesema kweli. Mwezi mmoja baadaye kungekuwa na uchaguzi wa wabunge, na bila wabunge wengi rais angekaa ikuluni akipunga mkono tu. Chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba kinatafuta wagombea wapya, watu ambao hawajawahi kushika cheo: wauguzi, wakulima, wenye maduka. Jumatatu asubuhi Edwige aliniambia kwamba ameshajiandikisha.

"Umerukwa na akili," nilisema.

"Maïté, hebu nisikilize. Mimi nawapa vijana leseni, halafu wanaitumia kuondoka. Mwaka mzima nafundisha watu kuuhama mji wangu. Wenye karakana ndogo wanaogopa kuajiri, vijana hawana pa kujifunzia kazi, na kila mtu anasema mambo ndivyo yalivyo. Huyu anasema si lazima yawe hivyo. Sasa nimwache peke yake?"

Siku zile hata sisi tusioamini siasa tulikuwa na joto fulani mwilini. Ukienda kununua mkate, watu foleni nzima walikuwa wanabishana: ataweza, hataweza, atadumu mpaka mvua za Oktoba, hatafika. Muuza mikate aliacha kuuliza mtu anataka nini, aliuliza, "Wewe uko upande gani?"

Simu ya kumkubali ilipigwa wakati Edwige yuko garini na mwanafunzi. Mwanafunzi huyo alikuwa Bi Hortense Pouget, mjane mwenye miaka sabini na zaidi ambaye mumewe hakuwahi kumruhusu kugusa usukani. Baada ya mazishi alikuja shuleni kwetu na kofia yake nyeusi, akasema anataka kujifunza kabla hajamfuata. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nikijifunza uvumilivu. Edwige alisikiliza simu, kisha akapiga yowe. Bi Hortense akakanyaga breki kwa miguu yote miwili katikati ya daraja. Nyuma yetu honi zikaanza.

"Nimefanya nini, mwanangu?" aliuliza Bi Hortense.

"Hujafanya kitu, Bi Hortense. Nimekuwa mgombea ubunge!"

"Basi na wao wangoje," alisema bibi, akafungua dirisha akawapigia kelele wale wa nyuma: "Tulieni huko! Humu mna mbunge!"

Habari zikamfikia mzee Achille kabla hatujavuka daraja. Jioni alikuja shuleni, akasimama mlangoni.

"Unataka kwenda kutunga sheria ya kuwanyang'anya wenzangu haki zao?"

"Nataka kwenda kutunga sheria za kuwapa vijana kazi."

"Huyo rais ameandika waziwazi kwamba atagusa reli. Mafundi wapya hawataajiriwa tena kwa masharti yetu. Masharti hayo mimi nimeyalalia nje, kwenye theluji. Mama yako alikuzaa wewe mimi niko kwenye mgomo."

"Najua, baba. Mama alinisimulia kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa."

Mzee alitaka kucheka, akajizuia. Akaondoka bila kuaga.

Kampeni ilikuwa ya wiki chache, na sijawahi kuchoka wala kufurahi namna ile. Nikawa dereva wake. Tulianza sokoni, tukazunguka mashamba ya ng'ombe, tukaingia majumbani ambako tulilazimishwa kula keki kila mlango. Wengi walifungua, wakamwona, wakasema, "Aa, ni wewe! Ulinifelisha mwaka ule!" Wengine walisema, "Nilidhani umekuja kudai somo la mwisho." Hakuhitaji kujitambulisha. Mgombea gani mwingine aliwahi kuwashikia usukani watu wote wale wakiwa wanalia?

Mahali pagumu palikuwa lango la karakana ya reli. Tulifika asubuhi zamu inapobadilishwa, na vipeperushi mikononi. Mafundi walikuwa wamejipanga pale kama ukuta, na mzee Achille katikati yao, amevaa fulana yake ya zamani ya chama.

"Edwige!" mmoja alipaza sauti. Alikuwa Cyprien, jamaa mnene wa kitengo cha magurudumu. "Umekuja kutufundisha kurudi nyuma?"

Wakaangua kicheko. Edwige akamnyooshea kidole.

"Wewe Cyprien, mara ya nne nilikuombea kwa mtahini. Usinifanye nijute!"

Kicheko kikahamia upande wetu. Wakaanza kuchukua vipeperushi, wengine wavisome, wengine wafungie soseji zao za mchana. Walimuuliza maswali makali kuhusu pensheni na kuhusu kampuni za binafsi kuingia kwenye reli, naye alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua alisema hayajui. Mwisho mzee Achille alinyoosha mkono. Akapewa karatasi. Akaisoma yote, mbele na nyuma, sote tumesimama tunamngoja.

"Picha imetoka vibaya," alisema. "Unaonekana kama unauza friji."

Duru ya kwanza ya kura ilipopigwa, waliobaki walikuwa wawili: Edwige na mheshimiwa Régis Delamotte, mbunge wetu wa siku zote. Mtu mrefu, mpole, mwenye suti za kijivu. Alikuwa bungeni tangu Edwige hajapata leseni yeye mwenyewe. Kati ya duru mbili ukapangwa mdahalo katika ukumbi wa mji, na watu walijaa mpaka kwenye ngazi.

Delamotte alianza kwa upole wake. "Bibi Tourneux namheshimu. Anafundisha watu kuegesha gari, ni kazi njema. Lakini rais huyu hatafuti wabunge, anatafuta vidole vya kubonyeza kitufe cha ndiyo. Ndugu zangu, mnataka kupeleka Paris mtu, au kidole?"

Ukumbi ukacheka, na nilimwona Edwige akiwa mwekundu mpaka masikioni. Kabla hajafungua mdomo, mtu akasimama nyuma. Alikuwa baba yake.

"Mheshimiwa," alisema mzee Achille, "mimi binti yangu simpi kura. Kila mtu humu anajua. Siku rais wake atakapogusa reli mimi nitakuwa barabarani. Lakini wewe umekaa kule miaka yote hii. Nitajie kitu kimoja ulichobonyeza kikatufaa hapa Varzelles."

Delamotte alifikiri. Alifikiri muda mrefu mno. "Kuna... kuna kile kipilefti cha barabara ya Bourges," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga viti, Bi Hortense alivua kofia akaipunga. Edwige alishika kipaza sauti: "Hicho nakushukuru, mheshimiwa! Kimewafelisha wanafunzi wangu wengi, wakarudi kwangu!"

Lakini mzee hakuwa amekaa. Aliinua mkono mpaka kelele zikaisha, akamgeukia binti yake.

"Na wewe sasa. Usinizungushe. Siku hiyo sheria ya reli itakapoletwa, utabonyeza kitufe gani?"

Nilitamani nizime taa za ukumbi. Washauri waliotumwa na chama kutoka Orléans walikuwa wamemwambia mara kwa mara: ukiulizwa reli, zungumzia mazingira. Edwige alimtazama baba yake.

"Walioko kazini leo, masharti yao nitayalinda, na hilo nawaahidi mbele yenu. Wale watakaoajiriwa kesho, nitabonyeza ndiyo. Kwa sharti kwamba vijana wapewe chuo cha kujifunza ufundi papa hapa, si Lyon wala Paris. Chuo kisipokuwepo, nitabonyeza hapana, rais apende asipende."

Mafundi walimzomea. Waliokaa mbele walimshangilia. Kulikuwa na vurumai ambayo meya hakuweza kuituliza, na mzee Achille alikaa, akajifunga kitambaa chake cha shingo na kusema kwa sauti ya kawaida, aliyemsikia ni mimi tu, "Angalau hakudanganya."

Jumapili ya duru ya pili kura zilihesabiwa kwetu mbele ya watu, kama kawaida. Meza zinapangwa, raia wanakaa, mmoja anafungua bahasha, mwingine anasoma jina kwa sauti, wengine wanaweka alama. Kwenye meza ya shule ya msingi msomaji alikuwa mzee Achille. Wenzake walikuwa wamemchagua kwa kuwa sauti yake haikuwahi kuhitaji spika.

"Delamotte," alisoma. "Delamotte. Tourneux. Delamotte."

Edwige alisimama dirishani, mgongo ametugeuzia, anauma kucha. Jua la saa kumi na mbili lilikuwa bado kali. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira na kila mara mmoja aliingiza kichwa kuuliza, "Bado?"

"Tourneux. Tourneux. Delamotte. Tupu. Tourneux."

Ni jina lake mwenyewe alilokuwa akilisoma, na alilisoma bila kuongeza wala kupunguza chochote, kama mtu anayetangaza vituo vya treni. Lakini jinsi lilivyozidi kuja nilianza kuona mkono wake unafungua bahasha haraka zaidi. Tourneux, Tourneux, Tourneux! Watu waliosimama nyuma walianza kulirudia kwa kunong'ona, kisha si kwa kunong'ona tena. Alipofika bahasha za mwisho alikuwa anazichana.

Zikapigwa simu kutoka mitaa mingine na vijiji. Mara tuko nyuma, mara tuko mbele, mara nyuma tena, mpaka meya akatoka na karatasi, akasafisha koo, akasoma. Edwige alikuwa amempita Delamotte kwa kura za watu ambao wangeenea kwenye mabasi machache tu. Nilimkumbatia tukaanguka wote wawili juu ya meza ya watoto wa darasa la kwanza.

Mzee Achille alikuja na kumsaidia kusimama.

"Mimi nilitia karatasi tupu," alimwambia. "Nataka ujue."

"Nilijua, baba."

"Hongera, mheshimiwa." Na akambusu mashavu yote mawili, kwa nguvu, mpaka kofia ya mzee ikadondoka.

Usiku ule nchi nzima ilikuwa imefanya kama sisi. Rais alipata wabunge wengi kuliko alivyothubutu kuomba. Edwige alinipigia simu kutoka Bungeni siku ya kwanza, anahema. "Maïté, nimepotea! Nimefungua mlango nikakuta mafagio. Lakini usiwe na wasiwasi, kabatini nimekutana na mbunge mwingine mpya, daktari wa ng'ombe kutoka Bretagne, naye amepotea!"

Kiangazi na vuli vilikwenda mbio. Sheria ya kazi ilipita kabla majani hayajaanguka. Watu waliandamana, ndiyo, lakini rais hakurudi gereji, na foleni ya mkate ilianza kusema labda, labda kweli. Edwige alirudi kila wikendi na sanduku la karatasi na macho mekundu, akaniuliza kwanza habari za wanafunzi, ndipo akalala.

Majira ya kuchipua ikaletwa sheria ya reli, na hapo ndipo tulipojua kama mageuzi yana mifupa. Treni zilisimama nchi nzima. Mzee Achille hakuja tena kula supu ya Jumapili. Na chuo cha ufundi hakikuwemo kwenye sheria. Edwige aliandika kipengele chake mwenyewe, na wakubwa wa chama wakamwita.

"Waliniambia nikiondoe," alinisimulia kwa simu. "Waliniambia rais akilegea hapa ataonekana dhaifu, kila mtu ataleta chuo chake. Nikawaambia mimi nilitoa neno ukumbini, na baba yangu alinisikia. Wakacheka. Walidhani ni mzaha."

"Wewe ukafanya nini?"

"Nikamtafuta daktari wa ng'ombe. Naye akawatafuta wengine. Sasa tuko wengi kiasi kwamba hawacheki tena."

Siku ya kura kulikuwa na maandamano makubwa Paris. Mzee Achille alitaka kwenda, lakini treni alizosimamisha yeye na wenzake hazikuweza kumpeleka. Nani angemchukua? Bi Hortense, leseni yake mpya mfukoni, akajitolea. Mimi nilikaa mbele kwa ajili ya usalama wa taifa. Njia nzima mzee alishikilia mpini wa mlango.

"Bibi, punguza mwendo! Nataka kufa kwenye mgomo, si kwenye barabara kuu!"

"Wewe kaa kimya, Achille. Mwanao ndiye aliyenifundisha."

Tulimkuta Edwige nje, karibu na daraja linaloelekea Bungeni, kwenye ukingo wa maandamano. Alikuwa ametoka kumtafuta baba yake kati ya bendera nyekundu, na utepe wake wa mbunge, wa rangi tatu za bendera, kifuani. Watu walimzomea alipopita. Mzee Achille alipomwona, alisukuma watu akamfikia, akawageukia wenzake: "Huyu namzomea mimi peke yangu! Tumeelewana?"

Kisha akamwambia, "Haya. Chuo kimo?"

"Kimo, baba. Waziri amekubali asubuhi ya leo. Na wameondoa kile kipengele cha kufunga njia ndogo za reli za vijijini."

"Kwa hiyo amerudi nyuma."

"Hatua moja. Mbili mbele."

"Na wewe utabonyeza ndiyo."

"Nitabonyeza ndiyo."

"Basi nenda. Unachelewa."

Mimi na Bi Hortense tulikaa kwenye roshani ya wageni. Nilimwona Edwige chini kule, mdogo kwenye viti vyekundu, mkono wake ukienda kwenye kitufe. Kutoka nje ngoma za waandamanaji zilisikika zikipenya kuta. Matokeo yalipotangazwa, upande mmoja walisimama kupiga makofi, mwingine wakasimama kupiga kelele, na Bi Hortense, ambaye alikuwa ameonywa asifanye lolote, alipiga mbinja kwa vidole viwili. Askari wa Bunge alitutoa kwa heshima zote.

Chini barabarani wafanyakazi walikuwa wanachoma soseji kwenye pipa. Edwige alikuja akiwa amevua utepe, uso umemvimba kwa uchovu na furaha, akapewa mkate wenye soseji na Cyprien yule yule, aliyetangulia kwa pikipiki.

"Rais wako amepata nusu," alisema mzee Achille.

"Nusu ni zaidi ya marais wako wote."

"Ndiyo maana nitarudi kuandamana Alhamisi."

"Rudi. Utalala kwangu, nina kochi."

"Jipya?"

"La kukodi."

Wakaanza kubishana palepale, mdomo umejaa, kuhusu pensheni, ambayo rais alikuwa ametangaza kuwa ndiyo itakayofuata. Mzee alisema hilo hataliweza kamwe. Edwige alisema subiri uone. Walipaza sauti mpaka watu wakawazunguka, wengi wakimshangilia baba, wengine wachache binti, na Bi Hortense akanivuta mkono kuniuliza kama nakumbuka tuliegesha wapi gari.